Ukingo wa barabara ni wa nani? Baiskeli na madereva wa Kampala

Kila anayeendesha baiskeli Kampala analijua tukio hili, na ukianza kulisimulia wenzako watakumalizia. Teksi, yaani basi dogo la abiria, inakuja nyuma yako, inapiga honi, inakupita huku kioo cha pembeni kikikosakosa kiwiko chako, halafu mita arobaini mbele inajikunja kushoto na kusimama ghafla. Konda anaruka chini kabla gari halijatulia, abiria anashuka na furushi lake la soko la Owino, na wewe umeng'ang'ania breki zote mbili hadi tairi la nyuma linateleza. Ukilalamika, konda anakushangaa kwa dhati kabisa. "Ssebo," yaani bwana, "si upite!"

Hesabu ya safari hiyo haina faida kwa yeyote. Mwendesha baiskeli kwenye tambarare huenda kama kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kila sekunde. Mita 40 anazimaliza kwa sekunde saba. Dereva angetulia nyuma yako kwa sekunde hizo saba angemshusha abiria wake palepale, na hakuna ambaye angeshtuka. Kwa nini hatulii? Jibu la haraka ni ujeuri, na mimi hulitoa pia, pamoja na maneno mengine yasiyofaa kuandikwa, mapigo ya moyo yakiwa bado juu. Ila ujeuri hauelezi kwa nini jambo lilelile linafanywa kwa namna ileile na madereva mia wasiojuana. Ukitaka kulielewa, acha uso wa dereva kwanza, tazama chini. Kuna ukanda wa upande wa kushoto, kuanzia lami inapoishia hadi kama mita moja na nusu kuelekea katikati. Ugomvi karibu wote wa baiskeli na magari katika mji huu ni ugomvi wa ukanda huo.

Simama saa moja na nusu asubuhi kwenye Barabara ya Gayaza unapokaribia soko la Kalerwe, utazame kushoto tu. Kuna vipande ambavyo lami imemeguka meno meno, na kutoka juu yake hadi kwenye changarawe ni kishuko cha kina cha kiganja. Tairi jembamba likiangukia hapo halipandi tena bila mwenyewe kuanguka. Baada ya changarawe ni mtaro, mara nyingi hauna kifuniko. Juu ya changarawe hiyo hiyo mama amemwaga nyanya kwenye gunia, kijana anauza soksi na chaja za simu, na wanaokwenda kazini kwa miguu wanapita mmoja nyuma ya mwingine kwa kuwa hawana pengine. Bodaboda zimegeuzia vichwa barabarani, tayari kuchomoka. Teksi zinaingia na kutoka. Kisha anakuja mzee mmoja kutoka upande wa Wakiso, baiskeli yake ya chuma imelemewa na mikungu ya matoke, anaisukuma zaidi ya kuipanda. Boda ikitaka itahamia katikati. Teksi itaondoka ikijaa. Mama wa nyanya ataondoka jua likiwa kali. Mzee wa matoke ndiye pekee anayetakiwa kubaki ukingoni mwanzo wa safari hadi mwisho, ndiye pia ambaye kila mmoja humwomba asogee.

Teksi iko pale kwa sababu ya fedha. Dereva wa teksi ya abiria 14 hana mshahara. Ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, ana mafuta ya kununua, na kinachobaki anagawana na konda. Ratiba hakuna. Abiria anaweza kunyoosha mkono popote, na popote pale panakuwa kituo. Mbele yako, basi, dereva haoni barabara tupu ya mita 40. Anaona mama mwenye mkoba amesimama chini ya mwavuli, na kwenye kioo anaona teksi nyingine inamjia kwa nyuma na inamtamani mama yuleyule. Baiskeli haimo katika mashindano hayo. Akikaa nyuma yako sekunde saba, mwenzake atampita na abiria ameenda. Sisemi hivi ili kumtetea, maana mimi ndiye ninayebaki na goti lililochunika. Nasema kwamba faini ya mara moja kwa mwaka haiwezi kushindana na kishawishi kinachorudi kila baada ya mita mia mbili.

Wa bodaboda naye ana mkopo wa pikipiki unaomngoja. Inachekesha kidogo, ukikumbuka kwamba biashara yao ilianzia kwenye baiskeli, kule mpakani Busia, vijana wakiwavusha watu kati ya Kenya na Uganda kwenye kiti cha nyuma. Wajukuu wa kazi hiyo ndio leo wanakuja dhidi ya mwelekeo, upande wako, taa kamili machoni.

Sasa tuje kwenye vipimo, kwani hapa ndipo maneno "alinipita karibu mno" yanapopata uzito. Njia moja ya gari mjini huwa na upana wa mita tatu hadi tatu na nusu. Tuchukue ile pana, 3.5. Unaendesha nusu mita kutoka kwenye ukingo, maana chini ya hapo ni kujitafutia mtaro. Usukani una upana wa kama sentimita 65, kwa hiyo ncha yake ya kulia iko sentimita 80 na kitu kutoka ukingoni. Toyota HiAce, ambayo ndiyo teksi yenyewe, ina bodi ya karibu mita 1.7, weka vioo viwili, inakaribia mita 2. Ukitoa yote hayo, kati ya kiwiko chako na kioo cha gari panabaki chini ya sentimita 70, na hapo dereva awe anagusa mstari wa katikati bila kuuvuka. Ujerumani tangu mwaka 2020 sheria inataka mita 1.5 mjini. Hispania ni mita 1.5, Ufaransa mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Kwa barabara zetu maana yake ni moja: gari haliwezi kuipita baiskeli salama ndani ya njia ileile. Lazima livuke mstari, na kama upande wa pili kuna foleni inayokuja, lazima lisubiri. Dereva anayedhani kwamba "nafasi ipo" hajapima. Anakadiria kwa kuangalia kona ya mbele ya gari lake, iliyo upande mwingine na anapokaa yeye; usukani wa magari yetu uko kulia, na wewe uko kushoto, upande anaouona vibaya kuliko wote.

Kasi nayo. Gari lenye kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitupa jicho kwenye simu kusoma ujumbe kwa sekunde mbili, amekwenda mita 28 bila kuangalia mbele. Na nguvu ya kugonga haipandi sawasawa na kasi; inapanda kwa kasi mara kasi yenyewe. Kati ya 30 na 50 mwendo umeongezeka kwa theluthi mbili, nguvu ya kishindo imekaribia kuwa mara tatu. Ndiyo sababu msongamano wa Jinja Road wa saa mbili asubuhi, pamoja na honi zote, hunitia hofu ndogo kuliko barabara ileile saa tatu usiku ikiwa imefunguka. Mchana unakwaruzwa. Usiku unauawa. Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliokufa katika ajali za barabarani Uganda. Ya mwaka 2024 ikahesabu 5,144. Waenda kwa miguu na watu wa pikipiki ndio wengi humo.

Kuna madereva ambao hawashindanii abiria, hawana haraka, hata ni wapole, nao pia wanakugonga. Wakishuka kwenye gari wanasema neno lilelile: "Sikukuona." Tulio wengi hudhani ni uongo. Mara nyingi si uongo. Jicho linapogeuka kutoka kushoto kwenda kulia halitazami mfululizo. Linaruka hatua kwa hatua, na katikati ya kila mruko ubongo hauoni kitu, unajaza pengo kwa kile unachokitarajia. Katika makutano dereva anatarajia gari, lori, boda. Baiskeli ni nyembamba kiasi cha kuingia nzima katika pengo hilo, au nyuma ya ile nguzo ya kona ya kioo cha mbele. Kwenye lori ni mbaya zaidi: eneo la mbele kushoto, karibu na mlango wa utingo, halionekani kabisa kutoka kwenye kiti cha dereva. Ukisimama hapo kwenye taa, na lori likaamua kukata kushoto, magurudumu ya nyuma yatapita ndani zaidi ya yale ya mbele. Mahali pale pana nafasi, na pananikaribisha kila siku. Sipaingii.

Kampala ina jambo lake jingine linalowasahaulisha watu. Tuko karibu na ikweta, giza linaingia saa moja kasoro au saa moja jioni mwaka mzima, na linaingia upesi. Wenzetu wa Ulaya wana miezi ya kiangazi ya kurudi nyumbani mchana kweupe. Hapa anayetoka kazini saa kumi na mbili anamalizia safari gizani Januari hadi Desemba, na kipindi cha jua kupiga kioo cha mbele cha gari kinalingana kabisa na kipindi cha barabara kujaa. Ongeza mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Shimo likijaa maji huwezi kujua ni la inchi moja au la kumeza gurudumu, kwa hiyo unalikwepa, unajitokeza kulia bila onyo, na dereva wa nyuma anaapa kwamba baiskeli ilimwingilia. Aprili 2023 wakazi waliojaza mtandao picha za mashimo ya Kampala walizungumzia zaidi springi za magari yao. Kwa baiskeli shimo ni habari ya meno.

Halafu kuna suala ambalo watu hulizunguka: hadhi. Mwaka 2007 mtafiti Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alichapisha vipimo vya umbali ambao magari yalimpita akiwa kwenye baiskeli. Alipovaa helmeti magari yalimkaribia zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5, alipovaa nywele bandia ndefu za kike yakampa nafasi zaidi. Wengine wameyapinga matokeo yake ya helmeti, na mimi sivui yangu. Ila wazo la msingi halinishangazi: dereva anakusoma kabla ya kukupita. Kampala anasoma nini? Jumamosi asubuhi kikundi cha watu wenye nguo za kubana na baiskeli za bei kubwa kikipanda kilima cha Kololo, magari hupunguza mwendo, mengine hufungua kioo kusalimia. Jumatatu askari wa lindo anarudi nyumbani kwake Kireka kwenye baiskeli ya chuma, koti limefungwa nyuma, na honi anayopigiwa ni ile ndefu, isiyokatika, ya kumwambia atoke. Honi fupi mbili ni taarifa, nazipokea na kushukuru. Ile ndefu ni amri kwa mtu ambaye mpigaji ameshamhesabu kuwa ni maskini.

Hata walinzi wa sheria wanasitasita tuwekwe wapi. Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya polisi wa Uganda tangu zamani, miaka mingi kabla baraza la mawaziri halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kwa hiyo mimi na matrafiki huelewana vizuri, angalau kimaneno. Asubuhi moja kwenye makutano yenye taa, taa zikiwa zinafanya kazi lakini afande mwenye sare nyeupe akizipuuza na kuongoza kwa mkono, nilisimama mbele ya magari kusubiri zamu yetu. Akaniita.

"Wewe wa baiskeli! Pita kando kando."

"Kando wapi, afande?"

Akatazama. Kando palikuwa na boda tano, gari limeegeshwa juu ya njia ya miguu, na mfereji. Akacheka, si kwa ubaya. "Haya, ngoja hapo hapo. Nitakutoa wewe kwanza." Akazuia magari ya pande zote kwa mkono mmoja, nikapita peke yangu katikati ya makutano kama mheshimiwa mwenye msafara, honi zikinisindikiza. Nilimpenda yule afande. Lakini amri yake ya kwanza ndiyo hukumu ya barabara nzima: baiskeli si gari, isikae na magari; si mtu wa miguu, isikae na watu; iende kando, na kando hakuna.

Sheria haikosekani. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020, inamwadhibu anayeendesha kwa uzembe au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Ugumu uko kwenye ushahidi. Mwendo mkali unapimwa kwa mashine. Kumkosakosa mtu kwa sentimita thelathini hakuachi alama popote ila kifuani mwake. Faini za kamera zilipoanza Juni 2025 madereva walipiga kelele nchi nzima na serikali ikazisitisha mwezi huohuo. Na hata hizo zililenga mwendo na taa nyekundu. Anayekata kushoto mbele ya baiskeli hakuwa na cha kuogopa.

Na sisi? Wapo kati yetu wanaotembea usiku bila taa wala kiakisi, wanaoshika tela la lori kupandia mlima wa Kyambogo, wanaokuja upande usio wao. Tukubali hilo tuendelee, kwa kuwa uzito wa makosa haulingani: baiskeli na mtu wake haifiki kilo mia, gari ni tani na zaidi.

Kinachosaidia barabarani hakipendezi kwa mtazamo wa kwanza: toka ukingoni. Penye njia nyembamba, kwenye makutano, karibu na steji au kando ya magari yaliyoegeshwa, kaa katikati ya njia yako. Ukiwa ukingoni unamwambia dereva kwamba anaweza kujaribu kupenya, na tumeshaona hesabu yake. Ukiwa katikati anabaki na uamuzi mmoja, kusubiri au kuhamia njia nyingine. Atapiga honi. Dereva anayepiga honi ameshakuona, na hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Barabara ikipanuka, mpishe kwa mkono, wengi hushukuru. Kwa magari yaliyosimama weka mita moja nzima, ambao ndio upana wa mlango ukifunguliwa. Kwa teksi usiangalie indiketa, haiwashwi. Angalia mkono wa konda. Ukitoka dirishani na kuanza kupunga, au akianza kuugonga mlango, gari litaingia kushoto muda si mrefu, na wewe uwe umeshatazama nyuma yako na kuamua utapita kulia au utakaa. Konda ndiye taa ya breki ya Kampala.

Ila ujanja huo ni wa vijana wenye mapafu. Mzee wa matoke hawezi kukaa katikati ya njia akiwa na mwendo wa kilomita nane kwa saa mlimani. Yeye anahitaji njia yake, na hilo limekuwa kwenye karatasi kitambo: Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2012. Mjini, KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ikatengeneza mfano wake kwenye Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum, ikisaidiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, njia ya watu wa miguu na baiskeli bila magari. Nenda utazame. Wachuuzi wamo, boda zimo, na baiskeli inasukumwa kwa mkono kupita katikati ya bidhaa. Wengi wanauita mradi ulioshindwa. Mimi nadhani umethibitisha kiu: Kampala ikipata mita chache za ardhi tambarare isiyo na gari, kila asiye na gari atakimbilia hapo. Kipande kimoja hakiwezi kubeba kiu ya mji mzima. Aidha kipande kilichokatika hakimfikishi mtu kazini, na bila watu kukitumia kila siku ile faida aliyoionyesha Peter Jacobsen katika utafiti wake wa mwaka 2003, kwamba baiskeli zikiongezeka hatari kwa kila mmoja hupungua kwa sababu madereva wanazizoea, haiji.

Wakati njia hizo zinasubiriwa, ukingo wenyewe unaweza kushughulikiwa kwa fedha ndogo: kufukia kishuko cha lami, kufunika mtaro, kuchimbia teksi vituo vya kuingia ndani ili zisisimame njiani. Anayepaswa kuombwa anategemea umesimama wapi. Mitaa ya jiji iko chini ya KCCA. Barabara kuu za taifa zilikuwa za UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ambayo ilivunjwa mwisho wa mwaka 2024 na kazi zake kurudi wizarani, kwa hiyo barua inakwenda huko. Ukivuka mpaka wa jiji, barabara za mitaani zinahusu wilaya ya Wakiso au manispaa yake. Na ukigongwa, chukua namba ya gari kabla ya kubishana, piga 999 au 112, kisha hakikisha polisi wanakupa fomu nambari 3 ya kujazwa na daktari. Stika ya bima ya mtu wa tatu iliyobandikwa kwenye kioo cha gari lile, ambayo ni lazima kisheria tangu mwaka 1989, ilikatwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Ipige picha nayo, jina la kampuni na tarehe vikisomeka.